Utando Uliowambwa: Damu ya Kilifi Inayoikwamisha Malaria

Kimelea cha malaria kikishatoka kwenye seli moja nyekundu ya damu, hakina muda wa kupoteza. Huko nje, ndani ya majimaji ya damu, kinga ya mwili inakisaka, na baada ya dakika chache kitakuwa kimepoteza uwezo wa kuingia popote. Lazima kiipate seli nyingine, kiishike, kijigeuze hadi ncha yake iiguse, kisha kijisukume ndani. Shughuli yote hiyo huchukua dakika moja au mbili. Kinachokitenganisha na maficho yake ni utando wa mafuta wenye unene wa nanomita tano hivi. Tando kama hizo 200,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo hufika milimita moja.

Kwa baadhi ya watoto wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, kimelea hufika, hushika, husukuma, na mara nyingi hushindwa. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust ulioko Kilifi, pamoja na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walieleza sababu yake katika jarida la Nature. Haikuwa dawa wala chanjo. Haikuwa hata kingamwili. Utando wa seli nyekundu za watoto hao umekaza zaidi kuliko wa wenzao, na ngozi iliyowambwa sawasawa juu ya ngoma haibonyei kirahisi.

Ugunduzi huo unastahili kusomwa polepole, kwa kuwa unagusa jambo ambalo masomo ya sayansi hulipita haraka mno. Mwanafunzi wa sekondari huchora duara, huandika pembeni "utando wa seli", na huambiwa kwamba kazi yake ni kuizunguka seli na kuruhusu baadhi ya vitu vipite. Si uongo. Lakini mstari ule mmoja uliotulia huficha karibu yote yanayoufanya utando uwe hai: kwamba una tabia ya majimaji, kwamba hutetemeka muda wote, kwamba kazi zinazofanyika ndani yake hula sehemu kubwa ya nishati ya mwili, na kwamba kukaza au kulegea kwake kunaweza kuamua kama mtoto atapatwa na malaria kali au ataendelea kucheza.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu tando za seli yalijulikana kwanza kutoka kwenye damu, na sababu yake ni nyepesi. Seli nyekundu ya binadamu ikishakomaa haina kiini. Haina mitokondria. Ndani yake mna maji na himoglobini, na vitu vichache vingine. Seli za ini au za misuli zina tando nyingi za ndani, na mtafiti akizisaga huchanganya za ndani na za nje asijue ipi ni ipi. Seli nyekundu inao mmoja tu. Ukiitumbukiza kwenye maji matupu huvimba na kupasuka, himoglobini humwagika, na kinachobaki baada ya kuoshwa ni utando peke yake. Tena hakuna uhaba wa seli hizo: mtu mzima anazo trilioni 25 hivi, na tando zake zote zikitandazwa zingefunika zaidi ya mita za mraba 3,000.

Mwaka 1925, huko Leiden nchini Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walichukua damu ya binadamu, mbuzi, mbwa, kondoo, sungura na wanyama wengine. Walizihesabu seli, wakakadiria eneo la nje la kila moja, kisha wakayatoa mafuta yake kwa asetoni. Mafuta hayo waliyatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja, wakapima eneo lake. Jibu lilikuwa lilelile kwa damu ya kila mnyama: mafuta yalifunika eneo mara mbili ya lile la seli zenyewe. Kwa hiyo, walihitimisha, utando ni matabaka mawili ya mafuta yaliyolaliana.

Miongo minne baadaye ilibainika kwamba hesabu yao ilikuwa na kasoro mbili. Asetoni haikuyatoa mafuta yote, na eneo la seli walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo. Kasoro moja ilipunguza upande huu, ya pili ikapunguza upande ule, zikafutana, na jibu likabaki sahihi. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama bahati tupu. Hiyo si haki kwa Gorter na Grendel. Kabla yao, Ernest Overton akiwa Zürich katika miaka ya 1890 alikuwa ameonyesha kwamba kemikali zinazoyeyuka katika mafuta huingia ndani ya seli upesi kuliko nyingine, na akahisi kwamba ngozi ya seli ni ya mafuta. Gorter na Grendel ndio waliouliza mafuta hayo ni mengi kiasi gani, na wazo lao la kulinganisha eneo na eneo lilikuwa imara kiasi cha kustahimili udhaifu wa vifaa vya enzi zao.

Lakini kwa nini matabaka mawili? Mafuta mengi ya utando si kama yale ya kukaangia. Ni fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikitiwa ndani ya maji hazisubiri mtu azipange. Zenyewe hugeukiana, mikia ikaelekea ndani na vichwa vikaelekea nje, hadi kila kichwa kiguse maji na kila mkia uwe umefichwa. Tundu dogo likitokea, mikia iliyo kwenye kingo hujikuta imekabiliana na maji, na tundu hujifunga. Hakuna gundi wala mshono. Utando hushikamana kwa sababu ya maji yaliyouzunguka, na ndiyo maana hakuna seli hai, iwe ya bakteria, ya mwarobaini au ya nyangumi, inayoweza kuishi pasipo maji.

Matabaka hayo mawili hayafanani. Aina moja ya fosfolipidi, iitwayo fosfatidilserini, katika seli nyekundu yenye afya hukaa upande wa ndani tu. Seli inapozeeka au kuharibika, molekuli hizo hujitokeza nje, na seli walinzi za mwili huichukulia hiyo kuwa ishara ya kuimeza na kuiondoa. Mwili hulisoma tabaka la nje muda wote, ukitafuta ya kuacha na ya kutupa.

Mafuta peke yake hayatoshi. Karibu nusu ya uzito wa utando wa seli nyekundu ni protini, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua zimekaa wapi. Mwaka 1935 James Danielli na Hugh Davson walipendekeza kwamba protini zimepakwa pande zote mbili za mafuta. Katika miaka ya 1950 J. David Robertson alipiga picha kwa hadubini ya elektroni, zikaonyesha mistari miwili myeusi na nafasi nyeupe katikati, na wengi wakaamini suala limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 1970 Larry Frye na Michael Edidin, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu zikawa seli moja. Kwa kutumia kingamwili zenye rangi zinazong'aa, walizitia protini za panya rangi ya kijani na za binadamu rangi nyekundu. Mwanzoni nusu moja ya seli hiyo ilikuwa ya kijani na nusu ya pili nyekundu. Baada ya dakika 40 hivi katika joto la nyuzi 37, rangi zilikuwa zimeenea kote. Walipoipoza seli, mchanganyiko ulikwama. Protini zilikuwa zikisafiri ndani ya utando, na mafuta yaliyozizunguka yalikuwa majimaji yanayoganda kwa baridi.

Miaka miwili baadaye, katika jarida la Science, S. Jonathan Singer na Garth Nicolson waliyaunganisha yote hayo katika picha inayotumika hadi leo. Protini hazikupakwa juu ya mafuta; zimezama ndani yake, nyingine zikipenya kutoka upande hadi upande, na nyingi zinaweza kuelea huku na huko. Kolesteroli, ambayo siku hizi hutajwa kliniki kwa lawama tu, imejipenyeza katikati ya mikia hiyo na husaidia kuuzuia utando usilegee kupita kiasi kwa joto wala kuganda kwa baridi. Bila kolesteroli seli zetu zisingekuwa zilivyo.

Kila mgonjwa aliyewahi kutundikiwa dripu amefaidika na kanuni ya utando. Chupa ile ya maji ya chumvi haina maji matupu. Kila lita ina gramu tisa za chumvi, na kiasi hicho hakikubahatishwa. Ni kipimo ambacho kwacho maji hayana sababu ya kukimbilia ndani ya seli wala kutoka nje kwa kasi. Maji matupu yakimiminwa kwa wingi kwenye mshipa, yangeingia ndani ya seli nyekundu hadi zivimbe na kupasuka. Chumvi ikizidi mno, maji yangetoka, seli zikasinyaa. Hewa ya oksijeni na ya kaboni dioksidi hupenya mafuta bila kuomba njia, lakini chumvi haziwezi, kwa kuwa zina chaji ya umeme na mafuta huzikataa.

Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza maji yenyewe hupitaje upesi hivyo katika tabaka la mafuta. Jibu lilitoka tena kwenye damu. Peter Agre, pia wa Johns Hopkins, alikuwa akiitafuta protini ya kundi la damu la Rh, ile inayofanya mtu aitwe "pozitivu" au "negativu", alipokuta protini nyingine ndogo imejaa kwenye sampuli zake. Mwaka 1992 timu yake iliyafanya mayai ya chura wa Afrika, Xenopus, yaitengeneze protini hiyo, kisha ikayatia katika maji yenye chumvi kidogo mno. Mayai ya kawaida hayakubadilika. Yale yenye protini mpya yalivimba na kupasuka kwa dakika chache. Hiyo ndiyo akwaporini, mfereji wa maji wa seli. Mmoja tu hupitisha molekuli za maji bilioni tatu hivi kwa sekunde, zikiwa zimejipanga moja nyuma ya nyingine. Agre alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003, akigawana na Roderick MacKinnon aliyechunguza mifereji ya potasiamu.

Chumvi nazo zina njia zake, nyingine za kulipia. Mwaka 1957 Jens Skou, huko Aarhus nchini Denmark, akitumia mishipa ya fahamu ya kaa, aligundua protini inayosukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Kwa kila molekuli moja ya ATP, yaani nishati ya seli, pampu hiyo hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Haipumziki, hata mtu akiwa usingizini. Ikisimama, sodiamu hujilimbikiza ndani, maji hufuata, na seli huvimba. Tofauti ya chumvi inayojengwa na pampu hii ndiyo inayowezesha mishipa ya fahamu kupeleka ujumbe na moyo kupiga. Skou alisubiri miaka 40 kupewa Nobel yake, mwaka 1997.

Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na maisha yake ni safari ngumu. Ina kipenyo cha mikromita saba au nane, lakini hupitishwa kwenye mishipa yenye upana wa nusu ya hapo, na katika bandama hujibana kwenye mianya myembamba zaidi. Hufaulu kwa sababu mbili. Chini ya utando wake kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, uliofungwa kwenye utando kwa protini nyingine, unaoirudisha seli katika umbo lake kila inapominywa. Na umbo lenyewe, la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, huipa seli utando wa ziada: eneo lake ni kubwa kwa asilimia 40 hivi kuliko ambalo lingehitajika kama ingekuwa mpira wenye ujazo uleule.

Ziada hiyo ni uhai wake. Utando wa mafuta hupinda kirahisi sana lakini haupendi kunyooshwa. Eneo lake likiongezwa kwa asilimia tatu au nne tu, hupasuka. Seli yenye ziada hujikunja ikapita. Iliyokwisha kuvimba ikakaza haina pa kujikunjia, na bandama huinasa na kuivunja. Kazi ya bandama ni kupima ulaini, seli baada ya seli, siku zote.

Kimelea cha malaria hupima ulaini huohuo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, asilimia 95 yao katika kanda yake ya Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Homa, baridi kali, upungufu wa damu na degedege hutokana na kinachotokea baada ya Plasmodium falciparum kuingia katika seli nyekundu. Kila baada ya saa 48 hivi, kimelea kimoja kilichoingia huwa kimezaa vingine 16 au zaidi, seli hupasuka, navyo hutawanyika kutafuta seli nyingine. Kizuie kisiingie, na ugonjwa hauna pa kuanzia.

Mwaka 1975 James Dvorak, Louis Miller na wenzao walionyesha tukio la uvamizi katika filamu iliyopigwa kupitia hadubini. Kimelea, chenye urefu wa mikromita moja na kidogo, hugusa seli mahali popote. Utando hubonyea na kukikumbatia. Kimelea hugeuka hadi ncha yake iuelekee utando, kisha hufunga kiungo kigumu kati yake na seli, na kujivuta ndani. Hakiutoboi. Hujivika utando wa seli kinapoingia, na mara kinapokuwa ndani, utando hujifunga nyuma yake kwa tabia ileile ya fosfolipidi ya kuziba tundu. Sifa inayoilinda seli isivuje ndiyo inayokificha kimelea.

Kwa kuwa kila hatua huhitaji protini ya kimelea ishikane na protini ya utando, watafiti wengi waliitafuta kinga katika protini hizo, na walikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1976 Miller alionyesha kwamba watu wasio na protini ya Duffy kwenye seli zao nyekundu hawakuambukizwa Plasmodium vivax, na ndiyo maana malaria ya aina hiyo ni nadra Afrika Magharibi na ya Kati, ambako wengi hawana protini hiyo, ingawa miaka ya karibuni vimelea hivyo vimeonekana kwa baadhi yao. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba falciparum huhitaji protini yake iitwayo RH5 ishike protini ya utando iitwayo basijini, na kila aina ya falciparum waliyoijaribu iliihitaji.

Ndipo ikaja Dantu. Ni kundi la damu, kama yalivyo ya A, B na O, lakini halionekani katika kipimo cha kawaida cha zahanati. Hutokana na jeni mbili jirani, za glikoforini A na glikoforini B, kuchanganyikana na kuzaa jeni chotara. Glikoforini ni protini zilizotapakaa juu ya seli nyekundu, na vimelea huzitumia kushika. Dantu hupatikana zaidi mashariki mwa Afrika na ni nadra sana upande wa magharibi. Mwaka 2017 utafiti uliochapishwa katika Science ulionyesha kwamba mchanganyiko huo wa jeni hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Kwa mtoto aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kinga ilikadiriwa kufika asilimia 74, karibu sawa na ile ya kubeba jeni moja ya seli mundu.

Maelezo yalionekana wazi hata kabla ya jaribio kufanywa: glikoforini imebadilika, basi kimelea hakipati pa kushika. Silvia Kariuki, mwanasayansi wa Kilifi, na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wenye afya wa Kilifi, wengine wakiwa na nakala mbili za Dantu, wengine moja, wengine bila. Walipozichunguza protini za utando walikuta mabadiliko mengi, na si ya glikoforini pekee. Lakini kila walipojaribu kulihusisha zuio na protini fulani ya kushikwa, hesabu haikukubali. Kimelea kilishindwa hata pale ambapo, kwa kanuni hiyo, kilipaswa kufaulu.

Hapo waliwageukia wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambao huitazama seli kwa namna tofauti. Seli nyekundu chini ya hadubini haitulii. Ukingo wake hutetemeka kwa kusukumwa na molekuli za maji zinazougonga. Utando uliolegea hutetemeka sana, uliokaza hutetemeka kidogo. Ukirekodi mtetemo huo kwa video ya kasi na kuupigia hesabu, unapata mkazo wa utando bila kuigusa seli. Watafiti walipima mkazo wa seli moja moja, kisha wakatazama kimelea kinapoijia kila moja.

Matokeo yalikuwa safi kuliko ilivyotarajiwa. Kuna kiwango cha mkazo ambacho, utando ukikivuka, kimelea huingia kwa nadra sana. Kwa wastani seli za Dantu zina mkazo mkubwa zaidi, hivyo nyingi zaidi zimevuka kiwango hicho. Na jambo lenye uzito wa pekee ni kwamba hata seli za watu wasio na Dantu, zile chache zilizokaza zenyewe kupita kiwango, nazo hazikuvamiwa. Kwa hiyo kinga hii haiko ndani ya molekuli moja inayomilikiwa na ukoo fulani. Iko katika hali ya utando, na kila mtu anazo baadhi ya seli zenye hali hiyo mwilini sasa hivi. Dantu imeongeza idadi yake tu.

Inavutia kwamba jawabu la swali la Dantu lilipatikana kwa kupima mtetemo. Miaka 70 kabla yake, Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipita sehemu mbalimbali za Kenya akipima damu. Katika safari ya mwaka 1949 aliona kwamba jeni ya seli mundu imeenea sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu ambako mbu wa malaria ni wachache. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wanaobeba jeni moja hukingwa dhidi ya malaria. Alikuwa akitazama himoglobini, lakini utando haukuwa mbali.

Kimelea kikishaingia huanza kuukarabati utando wa mwenyeji wake kwa manufaa yake. Huutia vijinundu na kuchomeka juu yake protini zake zenye kunata, ili seli ijigandishe kwenye kuta za mishipa na isipelekwe bandamani kupimwa. Zikijigandisha kwenye mishipa ya ubongo, mtoto huingia katika degedege na kupoteza fahamu. Katika seli zenye himoglobini ya seli mundu, ujenzi huo huvurugika, protini hizo huwa chache juu ya utando, na seli hazishiki vizuri.

Kwa mwenye jeni mbili za seli mundu hali ni nyingine kabisa, na gharama yake ni kubwa. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania pekee huzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye ugonjwa wa seli mundu. Utando wao hupoteza potasiamu kupitia mfereji uliogunduliwa na György Gárdos mwaka 1958, maji hufuata, himoglobini hukolea ndani ya seli na kuzidi kujipanga katika nyuzi ngumu. Mama anayekumbushwa kliniki kwamba mtoto wake anywe maji mengi anapewa, kwa maneno mepesi, ushauri kuhusu mfereji huo.

Upande wa pili wa dunia, Papua New Guinea na Malaysia, kuna watu wenye utando mgumu kwa sababu nyingine: kipande kidogo kimekatika katika jeni ya protini ambayo katika kila seli nyekundu ina nakala kama milioni moja, na seli zao zina umbo la yai. Hulindwa dhidi ya malaria ya ubongo. Lakini kurithi nakala mbili za jeni hiyo kwa kawaida huua mtoto kabla ya kuzaliwa.

Maarifa haya tayari yana kazi mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki. Chanjo inayofundisha mwili kuizuia RH5 isishike basijini ilijaribiwa kwa watu wazima na watoto Bagamoyo, Tanzania, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Katika jaribio lililofuata nchini Burkina Faso, lililochapishwa mwaka 2024, ilipunguza malaria kwa watoto kwa takriban asilimia 55. Ni chanjo ya kwanza ya hatua ya damu kufika hapo, na lengo lake lote ni sekunde zile chache ambazo kimelea kimegusa utando na bado hakijaingia.

Njia ya pili, ambayo bado haijazaa dawa, ni kuuongezea utando mkazo kwa makusudi. Watafiti wa Dantu wanaamini ongezeko dogo lingetosha. Hatari yake inajulikana: bandama huziondoa seli zilizokakamaa, na dawa itakayokaza kupita kiasi itamwachia mtoto upungufu wa damu badala ya malaria. Italazimika kuusogeza mkazo juu ya kiwango kinachokishinda kimelea na kuuacha chini ya kiwango kinachoikasirisha bandama. Kwamba nafasi kati ya viwango hivyo viwili ipo, Kilifi inaonyesha: watu wenye Dantu hawaonekani kupata madhara yoyote ya kiafya kutokana nayo.